Ghorofa ya tatu, uani saruji tupu, vani asubuhi na jioni: watoto wachangamke vipi?

Mama Swabra (Kireka, Uganda)

Salamu kwenu nyote. Naomba ushauri wenye vipimo, maana "mwache mtoto acheze" nimeshaambiwa na kila mtu. Watoto ni wawili: binti wa miaka 9, yuko P.4 (darasa la nne), na mdogo wake wa kiume, miaka 5, bado chekechea. Tunakaa ghorofa ya tatu. Uani ni saruji, kama mita 6 kwa 10 magari yakiwa hayapo, na mwenye nyumba kapiga marufuku mpira kwa ajili ya vioo. Vani ya shule inawachukua kabla ya saa 12 asubuhi, inawashusha getini saa 10 na robo jioni. Siku tatu za wiki binti ana madrasa, saa 11 hadi saa 12. Kisha kazi za shule, chakula, kulala. Penye nafasi yoyote hapo katikati, simu na katuni.

Mdogo hatulii, anaruka juu ya makochi. Wasiwasi wangu ni huyo binti mkubwa: akifika juu ya ngazi anahema, na michezo ya mbio haitaki, anasema kila mara yeye ndiye wa kwanza kutolewa. Nianzie wapi?

Kipenga (mwalimu wa michezo)

Mama Swabra, anza na hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kujongea kwa namna inayompandisha pumzi. Angalau siku 3 za wiki ziwe na kitu kikali zaidi, pamoja na kazi ya misuli na mifupa: kuruka, kupanda, kuning'inia, kubeba. Kwa kuwa ni wastani, Jumatano ya dakika 35 haiharibu kitu ikiwa Jumamosi ina 90. Wala hakuna anayedai zije zote kwa mkupuo. 15 hapa na 20 pale zinahesabiwa.

Kipimo ni mdomo. Muulize swali akiwa anacheza. Akijibu sentensi nzima lakini hawezi kuimba, huo ni mwendo wa kati. Akitoa maneno mawili matatu kisha avute pumzi, ni mkali. Akiweza kuimba wimbo mzima, bado hajaanza.

Sasa tazama siku yenu. Kwetu huku jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 mwaka mzima, kwa hiyo siku za madrasa nafasi yenu ya nje ni ile ya saa 10 na robo hadi saa 11, na hiyo ndiyo simu inayoimeza. Mpangilio uwe hivi: anashuka kwenye vani, anavua sare, anakunywa maji na kula kitu chepesi kama ndizi moja au kipande cha muhogo, anatoka. Nje dakika 25, kisha anaoga na kwenda madrasa. Asiketi kabla ya kutoka. Akishajitupa kwenye kochi na sare yake, kumwinua ni vita. Nguo za kuchezea na viatu vya mpira vikae mlangoni tangu asubuhi, si chumbani. Simu itoke baada ya kazi za shule, na isiwe malipo ya kucheza. Ukilipa kwa simu, mtoto anajifunza kuwa kucheza ndiyo kazi na simu ndiyo raha.

Hilo la kutolewa ndilo la kushughulikia kwanza. Michezo yetu mingi humtoa anayeguswa au kupigwa. Maana yake mtoto mzito ndiye anayekaa pembeni muda mrefu kuliko wote, na mwepesi, ambaye hana shida, ndiye anayeendelea kukimbia. Badilisha sheria. Kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa, ya watu watatu inatosha uani kwenu:

Warushaji wawili wasimame mita 7 kutoka mmoja hadi mwingine akiwa katikati ni mkubwa, mita 4 au 5 akiwa mdogo. Upande mmoja wa uwanja mwage vifuniko 10 vya soda, upande wa pili weka boksi. Wa katikati anahamisha kifuniko kimoja kimoja huku anakwepa. Akipigwa hatoki: anarudisha kifuniko kimoja, anaendelea. Raundi ni sekunde 90 kwa saa ya simu, kisha mnabadilishana nafasi. Hapo anainama, anainuka, anakimbia na kugeuka, na hata aliyepigwa mara 5 amekimbia sekunde 90 kamili. Kurusha ni chini ya kiuno tu, asiyefuata hilo anapoteza zamu yake.

Kuhusu vioo: tumia mpira wa maganda ya mgomba. Hauruki juu wala haubingiriki mbali, kwa hiyo haufiki dirishani kirahisi kama ule wa dukani. Kiini kiwe soksi kuukuu iliyojazwa vitambaa, ukubwa wa ngumi. Wengi huweka kavera (mifuko ya plastiki) tupu ndani. Kavera huteleza, na baada ya wiki mpira umekuwa yai. Maganda makavu, yale ya kufungia mizigo sokoni, yanyunyizie maji kidogo na kuyaacha dakika 10 yalainike. Ukiyakunja yakiwa makavu yanakatika. Zungusha kila upande ukivuta kwa nguvu, mpaka mzingo ufike sentimita 30 hivi kwa mpira wa kurusha, au 58 hadi 60 kwa wa kupiga teke, sawa na mpira wa dukani namba 3. Mwisho sokota maganda membamba yawe kamba na ufunge juu kama wavu, matundu ya sentimita 3. Kausha kivulini siku mbili, juani yanapasuka. Mpira uliolowa mvua ni mzito na unaumiza. Siku hiyo tumia soksi iliyojazwa vitambaa.

BabaPacha (Najjera)

Mwalimu kaeleza vizuri, lakini mimi ningempeleka tu kwenye akademi ya mpira Jumamosi. Kuna kocha, kuna wenzake, kuna uwanja. Sisi wazazi hatuwezi kuwa makocha kila jioni.

La pili ni vani. Zungumza na dereva awashushe mita 700 au 800 kabla ya nyumbani, mahali ambapo mtu mzima anawasubiri. Mtoto wa miaka 9 akitembea kwa haraka hiyo ni dakika 10 hadi 12, bila kutafuta muda mpya. Fanya jioni tu: saa wanayoondoka asubuhi bado ni giza. Penye barabara isiyo na njia ya miguu tembeeni upande wa kulia mkiyatazama magari yanayokuja, mdogo awe upande wa ndani, mbali na lami. Wafundishe kutazama pande zote mbili hata kwenye barabara ya mwelekeo mmoja, maana bodaboda hazijui mwelekeo.

Na mfuko wa shule upimwe kwenye mizani ya dukani. Uzito ukaribie sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtoto: mwenye kilo 28, mfuko kilo 3 hivi. Watoto wengi hubeba vitabu vya wiki nzima kwa sababu hakuna anayepanga kwa ratiba ya kesho. Mfuko mzito unamfanya ainame mbele, achoke, na adai bodaboda.

Kipenga

BabaPacha, akademi si mbaya, ila kabla ya kulipa nenda ukatazame kwa dakika 20 ukimfuata mtoto mmoja kwa macho. Hesabu mara ngapi anagusa mpira na dakika ngapi amesimama kwenye foleni. Watoto 20, mpira mmoja, kila mtu anasubiri zamu: katika saa mbili mtoto anaweza kujongea robo saa tu. Ukiona mipira mingi, vikundi vya 4 kwa 4 na watoto waliolowa jasho, lipa. Na hata akademi nzuri ni siku moja. Siku sita nyingine zinabaki palepale.

Hilo la vani naliunga mkono kwa mikono miwili.

Fizio wa Mbale

Naongea kama fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo): kabla hajaanza kurukaruka, mtazame huyo binti anayehema. Mtoto asiyezoea kujongea atahema akifika ghorofa ya tatu, lakini akisimama anarudi kawaida baada ya dakika mbili tatu. Huyo dawa yake ni mazoezi. Dalili zifuatazo ni za kliniki kwanza: anakohoa usiku au baada ya kukimbia na kifua kinapiga filimbi (huenda ni pumu), viganja na ndani ya kope vimepauka, anachoka siku nzima (upungufu wa damu, ambao huku kwetu mara nyingi huletwa na malaria, minyoo au lishe), anashikwa na maumivu ya kifua au anazimia akicheza. Hii ya mwisho asicheze tena mpaka aonwe na daktari. Dawa za minyoo hutolewa kwenye siku za afya ya mtoto mwezi wa 4 na wa 10, usizipite.

Mwenye selimundu naye anacheza, asifungiwe ndani. Anachohitaji ni mapumziko kila baada ya dakika chache, maji kabla hajasikia kiu, nguo kavu akitoka jasho au akinyeshewa, na ruhusa ya kuacha bila kuzomewa. Mipaka yake ipangwe na kliniki inayomtibu.

Kwa nafasi kama ya Mama Swabra, kamba ya kuruka ndicho kifaa ningekitaja kwanza, na ndicho watoto wengi hukiacha wiki ya kwanza kwa sababu mbili: kamba ni ndefu mno, au nyepesi mno. Urefu: akanyage katikati kwa mguu mmoja, ncha zifike kwapani. Kwa mtoto wa mita 1.3 inatoka kama mita 2.1, pamoja na mafundo. Kamba ya nailoni ya kuanikia nguo ni nyepesi, inapeperuka na kumgonga usoni. Chukua mpira wa maji uliochakaa, ukate vipande vya sentimita 3, uvipitishe kwenye kamba kama shanga, vipande 50 hivi, ukiacha sentimita 25 kila upande kwa ajili ya mikono. Funga fundo pande zote mbili visiteleze. Sasa kamba ina uzito, inazunguka duara kamili, na mlio wake sakafuni unampa mtoto mdundo wa kufuata.

Kumfundisha: kwanza aruke bila kamba, miguu pamoja, sentimita 3 hadi 5 tu kutoka chini. Sikiliza. Ukisikia kishindo, hakunji magoti au anatua kwa visigino. Arudie mpaka atue kimya kwa mbele ya wayo. Pili, ashike ncha zote mbili kwa mkono mmoja, azungushe kamba ubavuni, na aruke kila inapogusa sakafu. Hatua hii huwa inarukwa, na ndiyo inayounganisha mkono na mguu. Tatu, kamba kamili, viwiko karibu na mbavu, kinachozunguka ni kifundo cha mkono. Akizungusha kwa bega zima atachoka kwa nusu dakika. Dozi ya kuanzia ni sekunde 20 kuruka, 40 kupumzika, mara 6. Siku 3 kwa wiki zisizofuatana. Kila wiki ongeza sekunde 5 za kuruka.

Kwenye saruji avae viatu vya mpira. Usimtandikie mkeka, unateleza. Akianza kulalamika kisigino, hasa asubuhi au baada ya kuruka, mara nyingi katika umri wa miaka 8 hadi 14 ni sehemu ya mfupa inayokua inayovutwa na kano ya nyuma ya mguu. Punguza kuruka wiki mbili tatu, abaki na kutembea na kucheza kwa mikono, na viatu visiwe vyembamba kama karatasi. Akichechemea au kisigino kikivimba, apelekwe akaonwe.

Mdogo wa miaka 5 usimpe kamba ya kuzungusha, wengi wa umri huo bado hawaiwezi na watakasirika bure. Ilaze chini mistari miwili iwe kijito cha kuruka: upana wa sentimita 20, kisha 30, kisha 40.

Shangazi wa Jinja

Nyote mmesahau kazi za nyumbani. Kupiga deki kwa mkono, kufagia uani, kufua soksi na kuzikamua, kupandisha maji: yote hayo ni misuli. Jerikani ya lita 3 kila mkono kwa mtoto wa miaka 9, asimame katikati ya kila ghorofa, mgongo wima. Mbili zinazolingana ni bora kuliko moja kubwa inayomvuta upande. Lita 20 ni kilo 20, huo ni mzigo wa mtu mzima, hata kama mtaani mnaona watoto wanaubeba. Na mvulana naye ashike ufagio, mwanangu, asibaki kochini dada yake akifanya kazi.

Kitu kimoja kinaniudhi: kuruka kichura na kukimbizwa kuzunguka uwanja kama adhabu. Mtoto aliyeadhibiwa kwa kukimbia hatapenda kukimbia. Nyumbani msiige hayo.

Kwa binti, nguo ndiyo inayokwamisha. Sketi ya sare na viatu vya ngozi vinamfanya aogope kuanguka na kufunuka, basi anakaa. Mvalishe kaptula ya kubana ndani ya gauni, au suruali pana. Mtandio uwe ule wa kuvaa kichwani moja kwa moja bila pini. Pini inachoma akianguka, na mtandio wa kuzungusha unafunguka kila baada ya hatua kumi, mtoto anabaki kuushika kwa mkono mmoja. Hayo yapangeni sasa akiwa na miaka 9, maana wengi huacha kucheza wakikaribia kuvunja ungo.

Mama Swabra

Shukrani sana, mwalimu na wote. Shangazi, shikamoo, la ufagio nimelipokea. Maswali matatu yamebaki. Msimu wa mvua je, na jirani wa chini analalamika hata kiti kikivutwa? Ngazi zenyewe naweza kuzitumia? Na mwenye nyumba nimwambieje?

Fizio wa Mbale

Mvua: kuanzia mwezi wa 3 hadi wa 5, na wa 9 hadi wa 11, jioni nyingi zitakwenda hivyo, kwa hiyo uwe na mpango wa ndani tayari. Mkisikia radi, hata mvua haijaanza, wote waingie ndani na wakae dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ukanda wa Ziwa Nyanza (Viktoria) una radi nyingi mno kuifanyia mzaha.

Kwa jirani wa chini, acha kuruka kabisa na utumie mwendo wa wanyama, haupigi kelele na unajenga mikono na tumbo. Kaa: anaketi, anaweka viganja nyuma, anainua makalio, anatembea kinyumenyume. Nyani: mikono na miguu chini, magoti hayagusi, makalio juu. Nyoka: anajivuta kwa viwiko. Sogeza meza, ukuta hadi ukuta mita 3 au 4, kila mnyama mara 4, pumzika dakika 1, rudia mara 3. Ongeza kusukuma ukuta mara 10, mwili wima kama ubao, na kuchuchumaa polepole akihesabu 3 akishuka na 1 akiinuka, mara 8. Jumla ni dakika 15 hivi, na mdomo utakuambia kwamba huo si mchezo. Sakafu ya vigae ikilowa wasifanye nyani, viganja vinateleza na meno ndiyo yanayotangulia.

Ngazi ndiyo, kwa sharti. Kupanda kwa mwendo thabiti, hatua moja moja, mkono karibu na reli. Kushuka ni kutembea, hakuna mashindano, ajali nyingi za ngazi hutokea mtu akishuka. Chini mpaka juu mara 3 na mapumziko ya dakika 1 kila akifika juu, kwa binti. Mdogo apande akiwa ameshikwa mkono. Kama nguzo za reli zina nafasi ya kupitisha kichwa, asiachwe peke yake pale hata dakika. Wiki ya pili au ya tatu, hesabu tena anachukua muda gani kurudisha pumzi. Kama muda haupungui kabisa, rudi kwenye yale niliyosema ya kliniki.

Kipenga

Mwenye nyumba usimwombe "watoto wacheze", atakataa. Mwombe kitu chenye mipaka: saa 10 na nusu hadi saa 11, siku tano, mpira wa maganda tu, mtu mzima yupo, na mwishoni wanafagia uani. Mpelekee huo mpira aushike mkononi na aupige chini mwenyewe. Magari ya wapangaji yakianza kurudi mapema, songa upande wa ukuta usio na madirisha na uache kwepena siku hiyo.

Siku za namna hiyo chora miraba ya kuruka kwa mguu mmoja, eneo la mita 1 kwa 3 linatosha. Miraba 8, ya sentimita 40 kwa mkubwa. Mdogo mchoree ya 30 pembeni, ruhusa kutumia miguu yote miwili. Kirushwa kiwe ganda la ndizi lililokunjwa na kukaushwa, au kitambaa chenye mchanga kilichofungwa. Kigae kinateleza na kupita mraba. Binti abadilishe mguu kila raundi, kama sivyo ataruka kwa ule wenye nguvu tu. Chora kwa chaki au kipande cha mkaa, usiguse rangi: mvua ya kwanza inafuta, na mwenye nyumba hana la kusema.